Jenereta ya dukani: wati kwanza, nondo ya ethi baadaye

"Fundi, friza inapiga shoti, na ethi nimeshaweka."

Mama aliyeniita ana duka la soda na barafu huku Kigamboni. Alininyooshea kidole, na kweli ethi, yaani kiunganisho cha ardhini, ilikuwapo: nondo ya ujenzi ya milimita 12, imesimamishwa ndani ya ndoo ya rangi iliyojaa mchanga, na ndoo yenyewe imekaa juu ya vigae vya baraza. Waya wa kijani wa kwenda kwenye jenereta ulikuwa umefungwa vizuri kabisa, hata tepu imezungushwa. Aliyemfungia alimwagiza awe anaimwagilia maji kila asubuhi, naye alikuwa anaimwagilia.

Nikatoa mita kabla ya kugusa chochote. Plagi ya friza ya pini tatu ilikuwa imekatwa, ikawekwa ya pini mbili, tena imeingizwa kwa msaada wa kijiti cha kiberiti kwenye tundu la juu la soketi. Ekstensheni nayo ilikuwa ya nyaya mbili. Maana yake bodi ya friza, ganda lake la chuma, haikuwa na waya wowote unaorudi kwenye jenereta. Ndani ya jenereta, mtu alikuwa amefunga nyutro, waya wa kurudishia umeme, kwenye bodi. Kompresa inavujisha. Na ile ndoo ilikuwa na ufa chini: maji ya kila asubuhi yalitambaa juu ya vigae mpaka pale mama anaposimama peku kuchota barafu. Njia ikakamilika: friza, mkono, miguu, vigae vilivyolowa, nondo, jenereta. Ethi yake ndiyo iliyokuwa inampiga.

Watu wengi huanza na nondo, wakishaiona imesimama wanaridhika. Mimi nondo naiweka karibu na mwisho, na mwongozo huu umepangwa hivyo. Unahusu jenereta ndogo za petroli za fezi moja, volti 230, kuanzia kilowati 1 hadi 6 hivi. Za dizeli za fezi tatu zina mambo yake.

Hatua ya 1: Hesabu kinachokula umeme

Chukua daftari, zunguka chumba kwa chumba. Kila kifaa kina kibandiko mgongoni au chini. Kikiandika W, hiyo ndiyo namba yako. Kikiandika A pekee, zidisha kwa 230: friji yenye 0.9 A inavuta kama 207.

Kibandiko kikiwa kimefutika, tumia mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, inayoonyesha uniti zilizobaki. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, basi. Zima kila kitu, acha friji peke yake usiku kucha. Ukilala mita inasoma 41.6 na ukiamka saa kumi na mbili baadaye inasoma 40.4, friji imekula uniti 1.2 kwa saa 12, sawa na wastani wa wati 100. Njia hii haikosei kwa wastani, ila ina upofu mmoja mkubwa: haioni kishindo cha kuanza.

Na kishindo ndicho kinachoua jenereta ndogo. Kitu chochote chenye mota au kompresa huvuta mara tatu hadi tano ya kawaida yake kwa sekunde moja au mbili za kwanza, wakati mwingine zaidi. Utasikia jenereta inaguna, taa zinafifia, halafu inarudi. Ikishindwa, inazimika, au mbaya zaidi inabaki ikiunguruma kwa volti za chini huku kompresa imeganda na inaungua taratibu. Kwa hiyo kila kifaa cha mota kiandikie namba mbili: ya kukimbia na ya kuanza.

Vyombo vya kupasha joto havina kishindo hicho, lakini vinakula bila huruma. Pasi wati 1,000 na ushee, jagi la kuchemshia maji 1,800 hadi 2,200, draya ya saluni 1,200 hadi 1,800. Mashine ya fotokopi imo humuhumu, kwa sababu ndani ina hita ya kuyeyushia wino. Wenye steshenari hushangaa kompyuta zao nne zinakwenda sawa, halafu kopi moja inazima duka zima.

Hii ni hesabu ya nyumba yenye duka la mbele, kama ile ya mama:

Taa za LED 8 za wati 9: 72
Televisheni: 70
Ruta na chaji za simu: 40
Feni 2: 110
Friji: 150, kuanza 700
Friza: 200, kuanza 1,000
Pampu ya kisima ya hosipawa 1: 1,000, kuanza 3,000

Hosipawa moja ni wati 746, lakini hizo ni nguvu zinazotoka kwenye mhimili wa pampu. Kwenye waya inavuta zaidi, ndiyo maana nimeandika 1,000.

Jumla ya kukimbia bila pampu ni wati 642. Sasa chukua kifaa kimoja chenye kishindo kikubwa, friza, toa 200 zake za kukimbia, weka 1,000 za kuanza: 1,442. Jenereta ya kilowati 2 za kudumu inatosha. Ukiongeza pampu, hesabu inageuka kabisa. 642 kujumlisha 3,000 ni 3,642, na unaanza kutafuta mashine ya kilowati 4 au 5, yenye bei nyingine na njaa nyingine ya petroli. Pampu moja inayofanya kazi nusu saa kwa siku ndiyo inakupandisha daraja. Ushauri wangu kwa wengi ni kujaza tenki wakati umeme wa TANESCO upo na kuitoa pampu kwenye orodha. Tenki ni rahisi kuliko kilowati mbili.

Kumbuka nimechukua kishindo kimoja tu. Friji na friza zikianza pamoja, 1,442 inakuwa 1,992, na jenereta ile ya kilowati 2 iko ukingoni. Hili tutalirudia wakati wa kuwasha.

Hatua ya 2: Soma bango, usisome rangi

Namba kubwa iliyopakwa ubavuni mwa jenereta mara nyingi ni jina la modeli. Tafuta bango dogo la bati. Litakuwa na namba mbili: uwezo wa juu kabisa, ambao mashine inauhimili kwa muda mfupi, na uwezo wa kudumu. Hesabu yako ifanye kwa ule wa kudumu, kisha mzigo wa kila saa usivuke asilimia 80 yake. Jenereta ya kudumu 2,000 ibebe 1,600.

Bango likiandika kVA badala ya kW, tafuta pawa fakta iliyoandikwa karibu yake. kVA 3.5 kwa pawa fakta 0.8 ni kilowati 2.8. Muuzaji atakutajia ile kubwa.

Walio nyanda za juu wana makato mengine. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mashine iliyobeba duka Kigamboni bila shida itafika kule imepungukiwa karibu moja ya tano.

Hatua ya 3: Mahali

Nje. Si barazani, si stoo yenye dirisha wazi, si korido. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki. Iweke angalau mita 6 kutoka kwenye mlango na madirisha, ekzosi ielekee upande usio na watu. Mvua ikinyesha, jenga kibanda cha bati kilicho wazi pande zote, uiinue juu ya tofali ili isikae majini. Najua sababu ya kuiingiza ndani ni wezi. Nunua mnyororo.

Hatua ya 4: Jua kama nyutro inaelea

Hapa ndipo mafundi wengi hupita haraka.

Umeme hautafuti ardhi. Unatafuta kurudi ulikotoka. Wa TANESCO unarudi kwenye transfoma ya mtaani, ambayo nyutro yake imefungwa ardhini, ndiyo maana ardhi inakuwa njia. Wa jenereta unarudi kwenye koili za jenereta. Kama nyutro ya koili hizo haijafungwa kwenye bodi, tunasema inaelea, na ardhi haina njia ya kuurudisha umeme huo hata uzike nondo kumi.

Kupima: jenereta ikiwa imezimwa na haina kitu kilichochomekwa, weka mita kwenye omu. Mguu mmoja kwenye tundu la ethi la soketi ya jenereta, mwingine kwenye boliti isiyo na rangi ya bodi. Lazima isome chini ya omu 1. Isiposoma hivyo, waya wa ndani umekatika, na hakuna haja ya kuendelea mpaka urekebishwe. Kisha pima kati ya tundu la nyutro na la ethi. Ikisoma karibu sifuri, imefungwa. Isiposoma chochote, inaelea.

Ikiwaka, tesita, ile bisibisi yenye taa, itakuthibitishia kwa namna inayochanganya watu: kwenye jenereta inayoelea, tesita inaweza kuwaka kwenye matundu yote mawili. Mita itakuonyesha 230 kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro, lakini kutoka kila moja hadi kwenye bodi itaonyesha kama 115, au namba zinazoyumbayumba. Mashine si mbovu. Jenereta nyingi ndogo hutoka kiwandani hivyo.

Ikiwa unachomeka vifaa moja kwa moja kwenye soketi za jenereta, tuseme mashine ya kukoboa, spika za harusi au cherehani za umeme, kuelea si tatizo na nondo si lazima. Kilicho lazima ni waya wa kijani kutoka kwenye kila bodi ya chuma hadi kwenye bodi ya jenereta. Kitabu cha mashine kikidai nondo, kifuate. Ukianza kulisha wayaringi ya nyumba, habari ni nyingine, na tutafika.

Hatua ya 5: Mnyororo wa waya wa kijani

Fuata waya huu kwa macho na kwa mita, kutoka bodi ya friza hadi bodi ya jenereta. Plagi ya pini tatu, ekstensheni ya nyaya tatu, soketi yenye ethi. Kijiti cha kiberiti kikionekana popote, umeshapata kosa. Vivyo hivyo nyaya tupu zilizochomekwa kwenye soketi bila plagi.

Ekstensheni iwe nene. Waya wa milimita za mraba 1.5, mita 30, ukibeba ampea 10, unapoteza kama volti 9. Ule mwembamba wa 0.75 unapoteza karibu 19, na friza inaanza kwa volti 211 badala ya 230, ikivuta zaidi na kupata moto. Ekstensheni ya kuzungusha ikunjue yote hata kama safari ni fupi. Ikiwa imeviringwa inajipasha kama hita.

Hatua ya 6: RCD, na hapo ndipo nondo inapata kazi

Piga hesabu ndogo. Nondo nzuri kwenye udongo wa kawaida inaweza kuwa na omu 70. Mahali kifaa kinapovuja kuelekea ardhini tuseme ni omu 70 nyingine. 230 ukigawa kwa 140 ni ampea 1.6. Breka ya ampea 10 haitatikisika. Umeme utavuja siku nzima na hakuna kitakachozima. Isitoshe jenereta ndogo haina ubavu wa kutoa mkondo mkubwa wa shoti kama transfoma ya mtaani. Volti inaanguka kwanza, na breka inachelewa hata kama waya wa kijani uko sawa.

Kinachozima ni RCD ya miliampea 30, swichi inayokata umeme ukivuja. Inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikizidi 30, inakata kabla moyo haujavurugika. Lakini ili tofauti itokee, uvujaji lazima uwe na njia ya kurudi nje ya RCD. Kwa hiyo nyutro ya jenereta ifungwe kwenye bodi na ethi, na kifungo hicho kiwe kati ya jenereta na RCD, si baada yake. Kikiwa baada yake, RCD itaanguka ovyo. Kikikosekana, RCD imekaa kama pambo.

Kitufe cha T kwenye RCD kinadanganya kidogo hapa. Ukikibonyeza inaanguka hata kwenye jenereta inayoelea, kwa sababu kinajipima chenyewe ndani. Kinakuambia mtambo wa kukata ni mzima. Hakikuambii kama kifungo cha nyutro kipo. Hilo linahitaji kipimo maalum cha RCD, na fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, anapaswa kuwa nacho; kwa walioko Kenya leseni hiyo hutolewa na EPRA. Kazi ya kufunga nyutro mwachie yeye. Jenereta za invata hasa, na zile ambazo koili imefungwa katikati, zikifungwa bila kusoma kitabu zinaweza kuungua.

Sasa nondo. Ile ya ujenzi inashika kutu, na kutu ni kizuizi. Nunua ya chuma iliyopakwa shaba, milimita 16, na klampu yake ya shaba. Urefu una maana kuliko unene: kwenye udongo wa kati, nondo ya mita 1.2 hutoa kama omu 72, ya mita 2.4 kama 40. Kwenye mfinyanzi mweusi wenye unyevu ile fupi inaweza kushuka mpaka 20 hivi. Kwenye mchanga mkavu kama wetu wa Kigamboni au Mbagala inaweza kupita 700, na namba hiyo hubadilika kila kiangazi. Shabaha yangu ni chini ya 200, kwa sababu juu ya hapo nondo haiaminiki kati ya masika na kiangazi. Ikigoma, ongeza nondo ya pili umbali usiopungua urefu wa nondo yenyewe, uziunganishe. Zikikaribiana zinagombea udongo uleule.

Chumvi na mkaa wa kuzungushia nondo, dawa ya mafundi wetu, inafanya kazi mpaka mvua ya kwanza kubwa. Chumvi inayeyuka inaondoka, ikiacha imeila klampu. Bora uchimbe karibu na mahali maji ya kunawia yanapomwagika.

Waya wa kwenda kwenye nondo uwe wa shaba, milimita za mraba 6 ukipita juu mahali usipokanyagwa, 16 ukifukiwa. Na ikiwa nyumba tayari ina nondo yake ya TANESCO iliyo nzima, huhitaji ya pili: funga bodi ya jenereta kwenye baa ya ethi ya nyumba.

Hatua ya 7: Chenji ova

Kuna waya unaouzwa kwa siri na kutengenezwa hadharani, wenye plagi dume pande zote mbili. Upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi yoyote ya ukutani, na nyumba yote inawaka. Mwenyewe atakuambia, "Lakini meni swichi naizima." Siku kijana wa dukani akisahau, volti 230 zako zinatoka kwenye mita, zinaingia kwenye transfoma kwa mlango wa nyuma, na transfoma inazipandisha kuwa 11,000 au 33,000 upande wa pili. Juu ya nguzo kuna fundi wa TANESCO aliyeambiwa laini imekufa. Na umeme ukirudi ghafla, unakutana na jenereta yako uso kwa uso. Atakayeungua si TANESCO.

Weka chenji ova, swichi ya kubadilisha chanzo cha umeme, ya nguzo mbili, yenye nafasi tatu: TANESCO, sifuri, jenereta. Inakata laivu na nyutro kwa pamoja, na haiwezi kushika pande mbili kwa wakati mmoja hata ukitaka. Kifungo cha nyutro na ethi kibaki upande wa jenereta wa swichi hiyo. Kikiwekwa kwenye DB yenyewe (sanduku la breka la nyumba), TANESCO wakirudi RCD itaanguka kila mara, na kama hakuna RCD, nondo yako itaanza kubeba mkondo wa nyutro kimyakimya.

Hatua ya 8: Kuwasha na kuzima

Chenji ova kwenye sifuri. Washa jenereta, iache dakika mbili au tatu ipate joto na volti itulie. Geuza swichi. Anza na kishindo kikubwa wakati mashine haina mzigo: friza kwanza, subiri itulie, kisha friji, mwisho taa na televisheni. Watu hufanya kinyume, taa kwanza kwa sababu ya giza, halafu friza inaikuta jenereta imeshabeba.

Kuzima ni kurudi nyuma: ondoa mzigo, swichi kwenye sifuri, acha injini ipumue dakika kadhaa, zima. Petroli ijazwe injini ikiwa imezimwa na imepoa. Usiache tenki likauke huku friza inafanya kazi, maana mwisho wa petroli volti hupanda na kushuka kabla ya kuzimika, na kompresa ndiyo inayolipa.

Kwa mama tulirudisha plagi ya pini tatu, tukanunua waya wa nyaya tatu, tukaweka chenji ova na RCD, na bodi ya jenereta ikafungwa kwenye nondo ya nyumba, ambayo ilikuwapo siku zote nyuma ya ukuta wa choo, klampu yake imelegea. RCD ilianguka mara ya kwanza tulipowasha friza. Ikaanguka tena. Alinitazama kama nimemharibia kitu. Fundi wa friji alikuja kesho yake kubadilisha kompresa.